Kisogo cha Dada Mwalimu

Kama kuna kitu kilichomkosesha raha Vidole siku zile, ni kioo cha saluni mpya ya ng'ambo ya barabara. Kilianzia juu kikafika chini, na kila mteja aliyeketi mle ndani alionekana mzima mzima, amekunja nne, anaperuzi simu huku akihudumiwa. Wateja wenyewe Vidole aliwajua, na aliwajua kwa vichwa. Yule wa utosi mpana, yule mwenye nywele laini zisizoshika uzi, yule anayelia kabla hajaguswa. Wote walikuwa wake, na sasa walivuka barabara bila kugeuka. Wengine waligeuka wakampungia mkono, na hao ndio waliomuuma zaidi.

Jina la Vidole alipewa na wateja zamani, kwa ajili ya kasi ya mikono yake. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja tu: viti viwili, draya yenye kelele za mashine ya kusaga, kioo chenye ufa pembeni, na rafu ya mafuta na vifurushi vya nywele bandia. Sasa mikono hiyo yenye sifa haikuwa na kazi, na mtu aliyezoea kazi akiikosa hata kukaa hawezi. Alifagia pasipo na nywele. Alipanga machanuo kwa ukubwa, akayapanga tena kwa rangi, kisha akayarudisha yote kwenye kopo lake. Alitoka mlangoni, akarudi, akatoka. Muuza viazi wa jirani alimuuliza kama kuna mgeni anayemsubiri.

Fundi simu wa chumba cha pili, mwanaume mwenye maneno mengi kuliko wateja, ndiye aliyemwonea huruma.

"Mama, una simu ya maana halafu unaitumia kupigia watu tu," alimwambia, bisibisi mkononi. "Weka kazi zako kwenye stetasi. Kila mwenye namba yako anaziona, na hulipi hata senti."

Akamfundisha palepale mlangoni. Picha ipigwe mchana, karibu na mwanga. Jicho la kamera lifutwe kwanza, maana simu ya msusi ina mafuta kuliko kikaango. Maneno yawe machache, namba iwepo, na mahali saluni ilipo. Vidole hakuwa mzito wa kuelewa. Kwa muda wa wiki nzima aliweka misuko yake bora, mistari iliyonyooka, mafundo yaliyokaa sawa. Watu wakaangalia. Wengine wakamtumia dole gumba na maua. Aliyekuja kuketi kwenye kiti hakupatikana.

"Tatizo lako unaweka ya baada tu," fundi simu akasema, akikagua zile picha kama daktari. "Weka kabla na baada. Watu wanaipenda ile ya kabla. Ya baada kila saluni inayo."

Maneno hayo yalimwingia Vidole yakagoma kutoka. Picha ya kabla alijua ilipo. Ilikuja yenyewe saluni kila Jumapili, kwa miguu yake.

Ilikuwa hivi. Vidole alikuwa na dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi ya hapo karibu, ambaye mtaa mzima, hata watu wazima waliomzidi umri, walimwita Dada Mwalimu. Ndiye aliyemlea Vidole mama yao alipokuwa mtu wa safari na biashara. Kichwa cha kwanza ambacho Vidole alikisuka maishani mwake kilikuwa cha huyo dada, naye dada alitoka na misuko iliyopinda akaenda nayo shuleni bila kulalamika. Miaka michache nyuma aliugua sana, akalazwa, na alipopona nywele zikaanza kumtoka kwa mafungu. Zikabaki huku kidogo na kule kidogo, na katikati ngozi tupu. Daktari alisema zitarudi. Hakusema lini.

Tangu hapo, kila Jumapili asubuhi mapema, Dada Mwalimu alikuja saluni. Vidole alifunga mlango, akauegemezea kiti, akateremsha pazia. Ndipo dada alipovua kitambaa. Vidole alisuka zile nywele chache zilizobaki kwa mkono mwepesi, akavalisha wavu, kisha akashona nywele bandia juu yake kwa sindano na uzi, taratibu, asivute. Ilikuwa kazi ya nusu asubuhi, na hawakuzungumza sana. Mtu mwingine yeyote hakuwahi kukiona kichwa kile. Kulikuwa na bwana mmoja mstaarabu, mwenye nia nzuri kabisa, aliyeachwa njiani bila kuelezwa kosa lake, kwa sababu alianza kuzungumzia ndoa na Dada Mwalimu akaanza kufikiria mito ya kulalia.

"Ni wewe tu," alimwambia mdogo wake siku ya kwanza. "Hata mama asijue."

"Ni mimi tu, dada," Vidole aliapa, na aliapa kwa moyo wake wote.

Sasa, kwa kuwa mlango na pazia vilifungwa na taa ya mle ndani ni ya kubahatisha, Vidole alizoea kuwasha tochi ya simu nyuma ya kichwa cha dada ili aone pa kushikisha uzi. Dada aliuzoea mwanga ule. Jumapili hiyo ulimulika kama siku zote, naye akainamisha shingo kama siku zote. Vidole alibonyeza mara moja kabla hajashika chanuo.

"Mbona umesimama?"

"Natafuta uzi."

Alipomaliza akabonyeza tena. 

Tumtendee haki. Hakuwa mtu mbaya, wala hakukusudia kumwaibisha aliyemlea. Alikuwa na hesabu yake, na hesabu yenyewe ni ya msusi. Kwa msusi, mtu ni uso unaoingia mlangoni. Akishaketi na kugeuka, kinachobaki ni kisogo, na kisogo ni kazi, hakina mwenyewe. Vidole alizikagua zile picha kwa makini. Uso haupo. Sikio halipo. Nguo ilifunikwa na taulo la saluni. Palionekana kichwa, shingo, na kwenye shingo, chini kidogo ya nywele, kidoa cheusi cha kuzaliwa, kidogo kama punje ya dengu, ambacho yeye alikizoea tangu utotoni hata hakukiona tena.

Hata hivyo kuna sehemu ya moyo iliyojua. Maana Jumanne asubuhi, kabla ya kuziweka, alikwenda kwa fundi simu.

"Kuna namna ya kumficha mtu mmoja asione stetasi?"

"Ipo. Mume?"

"Mtu tu."

Fundi simu akamwonyesha, akitabasamu kwa umbea. Vidole akalitafuta jina la dada yake, akaweka alama, akabonyeza. Kisha akaziweka picha, moja kabla na moja baada, na chini yake maneno machache: *Nywele zimekatika? Usione haya. Njoo tusaidiane.* Akaandika namba, akaandika mahali.

Alikuwa hajafika hata kwenye kiti chake simu ilipolia.

Mtu wa kwanza aliuliza kama picha ni ya kweli. Wa pili aliuliza kama kuna chumba cha faragha. Wa tatu alituma sauti ya kunong'ona, na nyuma yake maji yanatiririka. Mwanamke wa watu alikuwa amejifungia bafuni ili amtafute msusi. Mwingine alituma picha ya kichwa chake mwenyewe bila salamu wala neno, kisha akaifuta papo hapo, kisha akaituma tena. Vidole aliketi akasimama. Aliweka simu kwenye droo ili afanye kazi, na kazi haikuwepo bado, akaitoa. Kila alipoifungua, namba iliyo kando ya lile jicho dogo la chini ilikuwa imepanda. Aliisoma orodha ya waliotazama, jina kwa jina, anatafuta jina moja analoogopa kulikuta, na asipolikuta anaanza upya kwa kuwa huenda amelipita.

Adhuhuri wakaanza kufika wenyewe. Waliingia upande upande, vitambaa vimefungwa hadi kwenye nyusi, na kabla ya kukaa waliangalia nyuma ya mlango. Vidole akateremsha pazia mchana kweupe. Wa kwanza alipovua kitambaa akaangua kilio. Alisema hakikuwa kwa ajili ya maumivu. Ni kwamba msusi wake wa zamani alikiona kichwa kile akaita wenzake waje waangalie. Vidole alimshika mabega akamwacha alie mpaka atosheke. Alifurahi, na furaha hiyo ilikuwa na kitu kinachomkwaruza ndani. Mikono ilipata kazi, na bado mguu mmoja ulikuwa unagonga sakafu.

Nitaifuta akimaliza huyu, alijiambia. Huyu akamaliza, mwingine akapiga simu kuuliza njia. Nitaifuta akifika huyu. Alifanya hivyo mchana wote, kama mtu anayesema anaamka sasa hivi huku anavuta shuka.

Alasiri akaja mama mmoja mchangamfu, na binti yake mdogo wa sare za shule, begi mgongoni.

"Mimi ndiye niliyekuandikia asubuhi," mama akasema, akijitupa kwenye kiti. "Nisamehe nimekuja na huyu, sina pa kumwacha. Nataka kama hii hasa." Akatoa simu, akaonyesha ile picha ya baada. Alikuwa ameihifadhi.

Binti alichungulia begani kwa mama yake.

"Mwalimu," akasema.

"Mwalimu gani tena?"

"Mwalimu wetu. Ana kile kidoa hapo shingoni. Akiandika ubaoni tunakionaga."

Mama akacheka. Kisha akaisogeza simu karibu, akaitanua picha kwa vidole viwili, akaacha kucheka. Alirudi kwenye ile ya kabla, akaitazama kwa muda, halafu akaigeuza simu ikatazama chini kwenye paja lake.

"Msusi, ni kweli?"

Vidole alitafuta uongo, na uongo ambao Jumapili ulimjia kwa wepesi haukuja. Kitana kilimponyoka. Alipoinama kukiokota alibaki huko chini kuliko ilivyohitajika.

"Uliionyesha kwa mtu mwingine?" akauliza kutoka hukohuko.

"Niliirusha kwenye kundi. Niliona ni kusaidiana, kuna wanawake wengi wana shida hii na hawasemi."

"Kundi gani?"

"La wazazi. Wa darasa la huyu."

"Na mwalimu yumo humo?"

"Si ndiye aliyelifungua."

Wakafuta. Vidole akafuta za kwake, mama akafuta za kundini, vidole vinagongana kwa haraka. Kundini pakabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na chini yake majibu ya wazazi yaliyotoka asubuhi: asante kwa kutujali, Mungu awabariki, hii saluni iko wapi. Baada ya hayo mzazi mmoja alikuwa ameandika, *Mbona kama namfahamu huyu?* na hapo kundi zima likanyamaza. Dada Mwalimu, ambaye kwa kawaida hujibu hata salamu za jioni, hakuwa ameandika kitu. Aliyaona. Simu ya yule mama ilionyesha wazi kwamba aliyaona tangu mapumziko ya saa nne.

Yule mama akajifunga kitambaa chake bila kuhudumiwa. Alimshika binti mkono. Mlangoni akageuka kama anataka kusema jambo, akaghairi.

Vidole akapiga simu kwa dada yake. Ikaita mpaka ikachoka. Akaandika *dada*, akafuta, akaandika *samahani*, akaona limekaa kama mtu aliyemkanyaga mwenzake sokoni, akafuta. Alipiga tena akiwa anafunga saluni, akapiga akiwa njiani, akafika mlangoni kwa dada akabisha. Jirani alisema mwalimu yumo, ameingia muda mrefu. Ndani hakukusikika hata kijiko. Vidole alizungumza na ule mlango maneno aliyoyakumbuka na asiyoyakumbuka, akarudi kwake, na usingizi ulimpita.

Asubuhi hakufungua saluni. Wanawake wawili wa vitambaa walikuwa wanasubiri kibarazani. Aliwaomba radhi bila kuwatazama, akaelekea shuleni, nusu anatembea nusu anakimbia. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Njia nzima alifikiri kwamba hatamkuta. Amepiga simu kusema anaumwa. Ameomba uhamisho. Ameondoka na basi la alfajiri kwenda kwa ndugu wa mbali. Kila wazo lilimwongezea mwendo, na lililomtisha kuliko yote ni kwamba atamkuta.

Alimkuta. Darasa lilikuwa la mwisho kwenye ukumbi mrefu, madirisha wazi. Vidole akasimama pembeni ya dirisha la nyuma, penye ukuta, akachungulia.

Dada Mwalimu alikuwa anafundisha. Sauti yake ilikuwa ileile, ya polepole, inayosubiri wazito wafike. Alikuwa amefunga kitambaa kikubwa kilichomfika mabegani, na joto la darasani lilikuwa la kuvua shati. Aliwauliza watoto jawabu, akapewa, akachukua chaki. Hapo Vidole akaona jambo ambalo kwanza hakulielewa. Dada hakugeuka. Alirudi nyuma hatua baada ya hatua, uso kwa watoto, mpaka mgongo ukagusa ubao. Akanyanyua mkono juu ya bega, akaupinda, akaandika bila kuangalia. Namba zikatoka zimelegea, moja juu moja chini. Huyu ni mtu ambaye mwandiko wake wa ubaoni walimu wengine walikuwa wanakuja kuutazama. Akasogea pembeni, bado mgongo ukutani, akaandika nyingine. Watoto walikaa kimya kabisa. Walikuwa wanajua, na kwa wema wa kitoto walikuwa wanajifanya kusoma ule mwandiko bila shida.

Vidole akaona aibu. Alitaka kuondoka. Dada akamwona.

Aliwapa watoto zoezi, akatoka, akausogeza mlango bila kuufunga. Aliegemea ukuta wa ukumbi, hata hapo, ambapo hapakuwa na mtu mwingine.

"Sikuweka uso," Vidole akasema. Ndilo neno alilolibeba njia nzima, na lilipotoka akatamani kulimeza.

"Uso wangu wazazi wanauona mara chache kwa mwaka," Dada Mwalimu akasema. "Hawa watoto wanaona kisogo kutwa nzima. Wewe hujui mimi nafanya kazi gani?"

Vidole akaitazama chaki iliyokuwa bado mkononi mwa dada.

"Ulizipiga lini?" dada akauliza.

"Jumapili. Uliponiuliza mbona nimesimama."

"Ukasema unatafuta uzi." Dada alitikisa kichwa taratibu. "Wateja wamekuja?"

"Wamekuja."

"Wenye shida gani?"

"Yako. Wote. Mmoja alilia, dada. Mwingine alinitumia sauti kutoka bafuni. Nimewaacha kibarazani sasa hivi."

Dada Mwalimu alitazama uwanja wa shule. Machozi yalimlengalenga, akayakausha kwa ncha ya kitambaa, kwa uangalifu, asikisogeze.

"Miaka yote hii nilidhani niko peke yangu mtaa mzima," akasema. "Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Jumapili hiyo ningekataa, na inayofuata. Siku moja pengine ningekubali. Hiyo siku ilikuwa yangu, umeichukua wewe."

"Jumapili hii nitakufungulia mapema zaidi. Hata kabla—"

"Jumapili hii sitakuja."

Hakuisema kwa ukali, na hapo ndipo Vidole alipoanza kulia kweli. Simu ikatetemeka mfukoni, ikaacha, ikaanza upya. Sauti yake ilijaa ukumbi wote.

"Pokea," dada akasema. "Huyo naye pengine kajifungia mahali." Akasukuma mlango kwa bega, akaingia kinyumenyume.

Vidole akabaki ukutani. Aliitoa simu ili aikate, akaona namba ngeni, na mkono wake uliozoea wateja ukapokea wenyewe.

"Wewe ndiye msusi wa ile picha?" Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya chini, ya mtu aliyejiandaa siku nzima kupiga. "Nimeambiwa una mkono mwepesi."

"Ndimi."

"Nataka kuja. Nina swali moja kwanza, usinichukie. Yule mwenye kichwa, ulimwomba kabla ya kumweka?"

Kupitia dirishani chaki ilikuwa inakwaruza, inasimama, inakwaruza. Vidole angeweza kusema ndiyo. Ni neno fupi, na mwanamke huyu angefika kabla ya adhuhuri, na baada yake wengine.

"Hapana," akasema. "Sikumwomba."

Vidole alisubiri simu ikiwa sikioni, anasikia pumzi za yule mwanamke, mpaka akasikia amekata.